Ēce: neno la kale la Kiingereza lililobeba umilele

Kabla Waingereza hawajaazima "eternal" kutoka Kifaransa, na kabla hawajaunganisha "ever" na "lasting" wakapata "everlasting", walikuwa na neno lao la silabi mbili tu: ēce. Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyozungumzwa Uingereza tangu karne ya 5 hivi, na kuandikwa tangu karne ya 7, hadi karne ya 12, hilo ndilo neno la kawaida la kisicho na mwisho. Limo kwenye mashairi, limo kwenye Injili, limo kwenye mahubiri, limo hata kwenye hati za mashamba. Leo hakuna Mwingereza anayelitumia, na wengi hawajui kwamba liliwahi kuwepo.

Linastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu wengi wanaolikuta huliwekea "a milele" mara moja na kuendelea na safari. Mara nyingi hawakosei. Lakini ēce ni neno linalotazama mbele. Linasema kitu hakitakoma, wala halisemi lolote kuhusu kilianza lini au kama kilianza kabisa. Ukilishika hilo, sentensi nyingi zilizokuwa na utata zinafunguka.

Tuanze na matamshi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu kuliko Mwingereza wa leo. Soma "eeche": e ya kwanza ivutwe, c itamkwe ch, e ya mwisho isikike. Kistari juu ya ē hakimo kwenye miswada. Ni alama ya wahariri wa kisasa kuonyesha irabu ndefu. Wengine huongeza nukta juu ya c ili kuonyesha kwamba ni ch na si k. Wanakili wa zamani waliandika ece tu. Tunajuaje basi kwamba ni ch? Ushahidi wa kwanza ni tahajia ya ecean, inayotokea mara nyingi badala ya ecan: ile e iliyochomekwa kati ya c na a haina kazi nyingine ila kumwambia msomaji alainishe c. Ushahidi wa pili ni Kiingereza cha Kati, yaani cha karne ya 12 hadi ya 15, ambamo neno lilelile linaandikwa eche waziwazi.

Asili yake ni ya mbali sana. Mzizi wake ulikuwa na maana ya uhai, nguvu ya uhai, umri. Katika Sanskriti umetoa āyu, maisha au umri. Katika Kigiriki umetoa aiōn, zama. Katika Kilatini umetoa aevum, na kutoka hapo aeternus, ambalo kupitia Kifaransa ndilo "eternal" ya leo. Kijerumani kina ewig mpaka sasa. Kigothi, lugha ya Biblia iliyotafsiriwa na Askofu Wulfila katika karne ya 4, kina nomino ajukdūþs, umilele, ambayo ndiyo ndugu wa karibu kabisa wa ēce. Kwa hiyo Waingereza walipoacha ēce na kuchukua "eternal", waliacha mtoto wa nyumbani wakamkaribisha binamu aliyelelewa Roma. Cha kushika hapa ni kwamba mzizi wenyewe haukuwa na habari ya kukosa mwanzo. Ulihusu uhai unaoendelea.

Mahali pa kale kabisa tunapolikuta ni pazuri pia. Ni katika utenzi mfupi wa Cædmon, wenye mistari 9. Bede, mtawa na mwanahistoria, katika historia ya kanisa la Waingereza aliyoimaliza mwaka 731, anasimulia kwamba Cædmon alikuwa mchunga ng'ombe katika monasteri ya Whitby wakati wa Mama Mkuu Hild, aliyeiongoza tangu mwaka 657 hadi alipofariki mwaka 680. Bede mwenyewe alitoa maana ya utenzi kwa Kilatini tu, lakini wanakili walianza mapema kuongeza maneno ya Kiingereza. Mswada mmoja ulioko Cambridge, wa mnamo mwaka 737, unayo kwa lahaja ya Northumbria, ya kaskazini, ambamo neno letu limeandikwa eci. Kwa jumla utenzi huu umetufikia katika miswada zaidi ya 20, idadi kubwa sana kwa shairi la Kiingereza cha Kale.

Katika mistari hiyo 9, ēce Drihten, "Bwana wa milele", inatokea mara mbili, na nafasi zake hazikuwekwa ovyo. Mstari wa 4, kwa lahaja ya Wessex, ya kusini, ni huu: ēce Drihten, ōr onstealde. Maana yake: Bwana wa milele aliuweka mwanzo. Mstari wa 8: ēce Drihten, æfter tēode. Maana yake: Bwana wa milele baadaye aliiandaa, yaani dunia ya wanadamu.

Ili kuona kilichofanyika hapo, inabidi kujua kanuni ya ushairi wao. Ushairi huu haukutegemea vina vya mwisho kama tenzi zetu. Kila mstari una vipande viwili, na vipande hivyo hufungwa pamoja na sauti inayoanza silabi zenye mkazo. Konsonanti lazima zilingane: w kwa w, m kwa m. Irabu zina uhuru zaidi: irabu yoyote inafungana na irabu nyingine yoyote. Sasa rudi kwenye mstari wa 4. Ēce katika kipande cha kwanza imefungwa na ōr katika kipande cha pili, na ōr ni "mwanzo". Katika mstari wa 8, ēce imefungwa na æfter, "baadaye". Yule asiyekoma amefungwa kwa sauti mara moja na mwanzo wa vitu, mara ya pili na kilichofuata. Neno ēce peke yake halisemi kwamba Mungu hakuwa na mwanzo, ila ufundi wa shairi umemweka upande wa mwenye kuanzisha. Kuna mambo machache katika fasihi ya Kiingereza yaliyofanywa kwa maneno machache kama hapo.

Katika Beowulf, utenzi mrefu wa mistari 3,182 uliohifadhiwa katika mswada mmoja tu wa mnamo mwaka 1000, ambao uliunguzwa kingo na moto wa mwaka 1731 na sasa uko British Library, neno hili lina kazi nyingi zaidi. Linamhusu Mungu, kama ilivyotarajiwa: mstari wa 108 unasema ēce Drihten alilipiza kisasi cha mauaji ya Abeli. Tena irabu na irabu, ēce na Abel. Mfalme Hrothgar anamwonya kijana Beowulf, mstari wa 1760, achague ēce rǣdas. Rǣd ni shauri, manufaa, uamuzi wenye busara. Ēce rǣdas ni faida zisizoisha, kinyume cha kiburi ambacho Hrothgar amekuwa akikikemea. Mstari wa 1201 una maneno hayohayo kwa umoja, ecne rǣd, kuhusu mtu aitwaye Hama, na hapo wataalamu wanagawanyika: je, Hama alifariki, au aliingia utawani? Maneno yanaruhusu yote mawili, maana "kuchagua manufaa yasiyoisha" kunaweza kuwa njia ya upole ya kutaja kifo cha mcha Mungu.

Mstari unaowashinda wafasiri wengi zaidi ni wa 2719. Beowulf amejeruhiwa na joka, ameketi kando ya kilima cha kaburi ambamo joka liliishi, anatazama matao ya mawe yanavyoshikilia ēce eorðreced, "nyumba ya ardhini iliyo ēce". Ukiandika "nyumba ya milele ya ardhini" umepotosha, kwa kuwa hakuna mtu katika utenzi anayeamini kwamba lile kaburi la kale litadumu kupita siku ya mwisho. Anayeitazama ni mtu anayekufa. Nyumba ilikuwepo kabla yake, ipo sasa, itakuwepo atakapoondoka. Kwa macho yake haina kikomo. Baadhi ya wafasiri huweka "ya kale", na ninaona wana haki kwa kiasi, ila wanapoteza nusu ya maana, ile inayotazama mbele. "Ya kudumu" inakaribia zaidi.

Hapo pana funzo la vitendo kwa anayesoma maandishi haya: kabla ya kuandika "a milele", uliza anayesema ni nani na anapima kwa kipimo gani. Ēce ya mtu anayekata roho si ēce ya mhubiri, na ēce ya mhubiri si ēce ya karani wa ardhi.

Huyo karani ndiye anayesahaulika sana, kwa hiyo nikae naye kidogo. Wafalme wa Waingereza wa kale walitoa ardhi kwa hati, na ardhi ya namna hiyo iliitwa bōcland, ardhi ya hati. Msemo wake ulikuwa on ēce yrfe, "kuwa urithi wa milele". Kinyume chake ni lǣnland, ardhi ya kuazimwa, iliyotolewa kwa muda uliotajwa. Oswald, askofu wa Worcester tangu mwaka 961 hadi 992, aliacha makumi ya hati za namna hii ya pili, na muda wa kawaida ndani yake ni uhai wa watu watatu: mpokeaji, na warithi wawili baada yake, kisha shamba lirudi kwa kanisa. Ukiziweka hati hizo mbili pamoja, maana ya ēce inasimama wazi kuliko kwenye kamusi yoyote. Ēce ni ardhi isiyo na tarehe ya kurudishwa. Mwenye nayo aliweza kumwachia amtakaye, awe mtoto, mke au monasteri. Haikumaanisha kwamba hainyang'anyiki, maana mfalme aliweza kumpokonya ardhi mtu aliyetenda uhalifu mkubwa, na alifanya hivyo. Wala haikumaanisha kwamba ilikuwa yake tangu zamani, maana hati yenyewe ndiyo siku ya kwanza ya umiliki. Ina mwanzo ulioandikwa na kushuhudiwa kwa majina ya mashahidi, na haina mwisho uliopangwa. Hiyo ndiyo ēce katika umbo lake la msingi.

Sasa hebu fikiria shida ya mtu aliyelazimika kutafsiri teolojia kwa neno la namna hiyo. Boethius, aliyeuawa gerezani Italia katika miaka ya 520, aliandika kwa Kilatini kitabu cha kujifariji, na karibu na mwisho wake anatofautisha mambo mawili kwa makini sana. Umilele wa Mungu, asema, ni kuumiliki uhai usio na kikomo wote kwa pamoja na kwa ukamilifu. Huo si muda mrefu. Ni kuwa na wakati wote mkononi kwa mara moja. Ulimwengu, hata kama mtu angedai kwamba hauna mwanzo wala mwisho, ungekuwa unapita tu kutoka dakika moja hadi nyingine. Kwa hiyo akashauri: Mungu tumwite aeternus, ulimwengu tuuite perpetuus. Maneno mawili kwa mambo mawili.

Tafsiri ya Kiingereza cha Kale, ambayo tangu zamani imehusishwa na Mfalme Alfred ingawa wataalamu wanabishana kama ni kazi ya mkono wake, haikuwa na jozi hiyo. Ilikuwa na ēce tu. Mtafsiri akaacha njia ya Boethius akatengeneza ya kwake. Anasema kuna vitu vya namna tatu. Cha kwanza ni hwīlendlic, cha muda, chenye mwanzo na mwisho. Cha pili ni ēce, chenye mwanzo lakini kisicho na mwisho, nao ni malaika na roho za watu. Cha tatu ni ēce būton ende and būton anginne, ēce bila mwisho na bila mwanzo, naye ni Mungu. Tazama namna ya pili na ya tatu zinavyoitwa kwa neno lilelile. Kinachomtenga Mungu na malaika si ēce, ni mkia ulioongezwa: "bila mwanzo". Mtafsiri mwenyewe ametuambia kwamba neno halikubeba jambo hilo.

Wasomaji waliopitia madrasa wanaweza kuona pengo hilo upesi. Kiswahili, kwa kupitia Kiarabu, kina azali kwa kisicho na mwanzo na abadi kwa kisicho na mwisho. Ēce ni abadi. Azali katika Kiingereza cha Kale ilibidi isemwe kwa sentensi.

Kwa upande wa mahubiri na Injili, neno halichagui jema wala baya. Kuna ēce līf, uzima wa milele. Kuna ēce fȳr, moto wa milele. Kuna ēce wīte, adhabu ya milele. Nomino yake ni ēcnes, na msemo on ēcnesse ni "milele", mara nyingi ukiongezewa ā mbele kwa mkazo: ā on ēcnesse. Lakini Ælfric, bwana wa nathari ya miaka ya 990, anapomalizia mahubiri hupenda pia ā būtan ende, "daima bila mwisho", na on worulda woruld, iliyofuata Kilatini neno kwa neno.

Kwa anayeanza kusoma lugha hii, makosa hutokea mahali palepale. La kwanza na kubwa: kuna ece nyingine yenye e fupi, nayo ni nomino ya "maumivu", mzazi wa "ache" ya leo. Katika vitabu vya tiba utakuta wið hēafodece, dawa ya kuumwa kichwa, na wið tōðece, dawa ya kuumwa jino. Mswada hauweki kistari, kwa hiyo macho hayatofautishi. Kinachotofautisha ni nafasi katika sentensi. Ikiwa mwisho wa neno linalotaja kiungo cha mwili, ni maumivu. Ikiwa kabla ya nomino linayoielezea, ni umilele. La pili: ēcan. Inaweza kuwa kivumishi chetu baada ya kionyeshi, kama þæs ēcan līfes, "wa ule uzima wa milele". Inaweza pia kuwa kitenzi cha "kuongeza", kilichobaki katika "eke out" ya leo. Tafuta kionyeshi kabla yake: þæs, þām, þone. Kikiwepo na nomino ikafuata, si kitenzi. La tatu: e ya mwisho hupotea panapoongezwa silabi yenye n au r, hivyo ēcne, ēcre, ēcra zote ni ēce. Anayetafuta "ecn" kwenye kamusi kama neno la pekee hapati kitu.

Ufanano huohuo, kwa maoni yangu, ulichangia kuliua. Mwanzoni mwa karne ya 13, maandishi ya Midlands Magharibi kuhusu watakatifu mabikira bado yanatumia eche kwa uhuru kabisa. Lakini kufikia hapo eche ilikuwa pia "kila", mtoto wa ǣlc na mzazi wa "each". Ilikuwa pia "maumivu". Ilikuwa pia "kuongeza". Anayesikia eche lif asikie nini: uzima wa milele, au kila uhai? Wakati huohuo Kifaransa cha Wanormani, waliotawala tangu mwaka 1066, kilikuwa kimeleta eternel na perpetuel, maneno marefu yasiyochanganyika na kitu. Neno lililoshinikizwa pande zote hivyo haliwezi kuishi muda mrefu.

Mnamo mwaka 1380 mshairi Chaucer alitafsiri kitabu kilekile cha Boethius, na alipofika kwenye kifungu kilekile aliandika kwamba Mungu ni eterne na ulimwengu ni perpetuel. Miaka karibu 500 ilikuwa imepita tangu yule mtafsiri wa kwanza. Jozi ya Kilatini iliingia nzima, haikuhitaji mkia wowote. Katika miaka hiyohiyo, Biblia ya Wycliffe iliandika euerlastynge lijf, neno lililoundwa kwa vipande vya Kiingereza kitupu.

Tangu hapo Kiingereza kimekuwa na maneno mawili yanayogombea kiti kimoja. Katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, ile ya mfalme James, Yohana 3:15 ina "eternal life" na 3:16, aya inayofuata, ina "everlasting life". Kigiriki chake ni neno moja katika aya zote mbili, aiōnios, wa ukoo uleule wa ēce. Watu wamehubiri sana juu ya tofauti ya aya hizo, ilhali haimo katika asili. Injili za Wessex, tafsiri ya Kiingereza cha Kale, ziliandika ēce līf mara zote mbili. Union Version ya Kiswahili nayo imeandika "uzima wa milele" mara zote mbili, na hapo ziko karibu na Kigiriki kuliko tafsiri ya mfalme James.

Anayetaka kulifuatilia zaidi, kamusi ya Bosworth na Toller iko wazi mtandaoni bila malipo, na kamusi kubwa ya Kiingereza cha Kale ya Chuo Kikuu cha Toronto imeshapita herufi E, hivyo ēce imo kikamilifu pamoja na mifano yake. Ukitafuta katika maandishi yenyewe, usiandike ēce yenye kistari, maana matoleo mengi hayana. Tafuta ece, eci, ecan, ecean, ecne, ecre, ecra, ecum na ecnes, na ukifika karne ya 12 na ya 13, tafuta eche. Kisha ondoa yanayomalizia majina ya viungo vya mwili.